Notre Dame na Ohio State, Jumatatu Atlanta: Jeremiyah Love na goti lile, achezeshwe au apumzishwe?

Mtanga_Indiana (Jumatano, 15 Januari 2025)

Wakuu salaam, hasa tulio huku Marekani tunaofuatilia mpira wa vyuo, ule wa Kimarekani wa kubebwa mikononi.

Mpinzani tumeshamjua. Ijumaa iliyopita Ohio State walimtoa Texas 28-14 kwenye Cotton Bowl, nusu fainali, kwa hiyo Jumatatu tarehe 20 sisi Notre Dame tunakutana nao kwenye fainali Atlanta, uwanja wa Mercedes-Benz, saa 1:30 usiku kwa saa za huku. Mlioko Dar, Nairobi na Mombasa, kwenu itakuwa saa 9:30 usiku wa kuamkia Jumanne.

Notre Dame mara ya mwisho kubeba ubingwa ilikuwa msimu wa 1988. Miaka yote hiyo tumekuwa watu wa kusimulia zamani. Sasa tumebakiza mechi moja, na timu inaingia ikiwa imechubuka kila mahali.

Tuhesabu. Benjamin Morrison, beki wetu bora wa pembeni, nyonga imemweka nje tangu Oktoba. Rylie Mills, nguzo ya katikati kwenye ulinzi, goti lilimtoa siku tulipowafunga Indiana 27-17 mwezi Desemba. Alhamisi kule Miami tuliwatoa Penn State 27-24 kwa mpira wa teke wa Mitch Jeter wa yadi 41, zikiwa zimebaki sekunde 7, lakini ushindi ule umetugharimu. Anthonie Knapp, kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akilinda upande wa kushoto wa ukuta wetu wa mbele, kifundo cha mguu kimeumia na kwenye fainali hayumo. Rocco Spindler naye alitolewa, ingawa huyu kuna matumaini. Riley Leonard, kwotabeki wetu, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa mipira, alibamizwa kabla ya mapumziko akapelekwa kupimwa kichwa. Steve Angeli akashika usukani hadi mapumziko, ndipo Leonard akarudi.

Halafu kuna Love, mkimbiaji wetu mkuu wa kubeba mpira. Goti lilianza kumsumbua kwenye mechi ya USC mwisho wa Novemba. Wiki tatu baadaye akawakimbiza Indiana yadi 98 kwa mpira mmoja, tukasahau. Dhidi ya Georgia hakuwa yule. Na mechi ya Penn State amecheza na kifaa cha kukaza goti. Mliona bao lile la mwanzo wa robo ya nne. Ni yadi 2 tu. Walimdaka kabla ya mstari, akajipinda akatoka, mwingine akamng'ang'ania mguuni, akawaburuta, akanyoosha mkono wenye mpira mpaka ukavuka. Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta. Nilipoangalia marudio niliutazama ule mguu, na furaha ikapungua.

Msimamo wangu ni huu: Love asianze. Jadarian Price na Aneyas Williams wabebe mzigo wa kukimbia, Love awe wa mipira michache iliyochaguliwa, na kama asubuhi ya Jumatatu goti limevimba, asivae kabisa. Huyu kijana yuko mwaka wa pili. Kwa kanuni za NFL, ligi ya kulipwa, mchezaji lazima awe ametimiza miaka mitatu tangu amalize sekondari ndipo aingie kwenye uteuzi, kwa hiyo bado ana msimu mzima wa chuo mbele yake. Hatuna haki ya kuutumia mguu wake kulipa deni letu la tangu 1988.

Karibuni.

---

BuckeyeMswahili

Mkuu Mtanga, heshima kwako. Mimi ni wa upande wa pili, niko Columbus mwaka wa tisa sasa, na nimeona nije kwa amani kwa sababu umeandika vizuri.

Niseme ukweli wa timu yangu. Watu wanatutazama tulivyowafunga Tennessee 42-17 na Oregon 41-21 (tulikuwa 34-0 kabla hawajapata pointi hata moja) wakadhani tumeshuka kutoka mbinguni. Tarehe 30 Novemba tulifungwa na Michigan 13-10 nyumbani kwetu. Huku mjini hapakukalika. Watu walitaka Ryan Day afukuzwe usiku uleule. Kocha aliyekuwa akitukanwa sokoni na kwenye vinyozi ndiye leo yuko fainali.

Kuhusu majeruhi, hilo la ukuta wa mbele tumelipitia kabla yenu. Josh Simmons, mlinzi wetu wa kushoto, goti lilikatika Oktoba 12 kule Oregon, mechi tuliyopoteza 32-31. Mbadala wake naye akaumia mechi iliyofuata. Wakamchukua Donovan Jackson, ambaye kazi yake ni ya ndani, wakamsogeza nje kulinda mgongo wa kwotabeki. Novemba Seth McLaughlin, yule anayeanzisha mpira katikati, kano ya kisigino ikachanika mazoezini. Kwa hiyo ukuta mnaouona leo umeshonwa upya katikati ya msimu. Siku ya Michigan mshono ulionekana. Ilichukua wiki nyingi kuwa kitu kimoja.

Ninyi mmepewa siku 11. Hapo ndipo ningekuwa shabiki wa Notre Dame ningekosa usingizi, zaidi ya goti la Love.

---

KinondoniYetu

Wakuu shikamooni wote. Mimi ni mgeni wa huu mchezo, nimeanza kuutazama kwa sababu ya kaka yangu aliye Indianapolis. Naomba kueleweshwa. Kwa nini mlinzi wa kushoto anazungumzwa kama vile ndiye mfungaji? Na huyu Love, kama anaumwa goti, si wampe tu mpira wakifika karibu na mstari, yadi moja au mbili, ambako hakuna haja ya kukimbia sana?

---

Mtanga_Indiana

Marahaba mdogo wangu, karibu sana.

La kwanza. Leonard anatupa kwa mkono wa kulia. Akijiandaa kutupa, kifua kinaelekea kulia, kwa hiyo anayekuja kutoka kushoto hamwoni. Mlinzi wa kushoto ndiye macho yake ya upande huo. Sasa mpinzani ni Ohio State, ambao pembeni wana Jack Sawyer na JT Tuimoloau, wote wa mwaka wa nne, watu wazima. Sawyer ndiye aliyemaliza mechi ya Texas: alimpokonya mpira kwotabeki wao Quinn Ewers, akauokota mwenyewe akakimbia nao yadi 83. Na pembeni kwetu anatazamiwa kusimama Charles Jagusah, kijana aliyechanika msuli wa kifua mwezi Agosti na ambaye tulishamwondoa kwenye hesabu za msimu. Alirudi wakati wa mtoano, na dhidi ya Penn State akaingia ndani kulia Spindler alipotoka. Kutoka hospitali hadi fainali, tena kwenye nafasi ngumu kuliko zote. Huyo naye ni uamuzi wa majeruhi, ila hauzungumzwi kwa sababu jina lake halimo kwenye jezi zinazouzwa.

La pili nawaachia wataalamu. Tuna mtu wa viungo humu.

---

FizioPwani

Niko Mombasa, kazi yangu ni tiba ya viungo. Sijamgusa mgonjwa, kwa hiyo naongelea magoti kwa jumla.

Kijana wa Kinondoni, watu wengi hufikiri kama wewe, na ni kinyume chake. Goti lililoteguka haliogopi sana kukimbia mbele kwa mstari ulionyooka. Linaogopa mambo mawili: kukata kona ghafla ukiwa na uzito wote mguu mmoja, na kuangukiwa kutoka pembeni mguu ukiwa umekita chini. Karibu na mstari wa mwisho ndiko wanaume wa kilo 140 wanakoangukiana. Kumpeleka pale mwenye ligamenti ya pembeni iliyolegea ni kumpeleka mahali pabaya kuliko pote uwanjani.

Kile kifaa cha kukaza goti kina vyuma viwili ubavuni vyenye bawaba. Kinazuia goti lisipinde kwenda ndani au nje. Hakizuii kujinyonga kwa goti mguu ukiwa umekwama kwenye nyasi, na hakirudishi nguvu ya paja.

Hili la mwisho ndilo watu hawalijui. Goti likiwa na maji, hata maji kidogo yasiyoonekana, mwili wenyewe unaupunguzia moto msuli wa mbele wa paja. Mgonjwa anaweza kukuambia hana maumivu hata chembe, na anasema kweli, lakini ukimpima nguvu unakuta mguu mmoja haufanani na mwenzake. Ndiyo maana unamwona mtu kama Love anakimbia, unaridhika, kisha anapotaka ile hatua ya kulipuka haiji. Sindano ya kutuliza maumivu hairudishi hatua hiyo. Inaondoa kengele tu.

Kwangu mimi swali la Jumatatu si "anaumwa?" Ni haya: goti limevimba? Paja la kulia na la kushoto yanalingana nguvu? Anaweza kuruka na kutua kwa mguu mmoja, akakata kona pande zote mbili bila kusita? Akifaulu hayo, acheze, na acheze kweli. Akifeli, hata mpira mmoja asipewe.

---

MzeeWaTouchdown

Nawasoma tangu asubuhi. Mimi nakataa, Mtanga.

Fainali haisubiri. Kuna makocha wakubwa wamestaafu bila kuifikia. Kijana anataka kucheza, daktari akimruhusu, sisi ni nani tuliokaa kwenye makochi kumwambia alale? Wiki iliyopita Freeman wetu amekuwa kocha mkuu wa kwanza Mweusi kufika fainali ya ubingwa wa ngazi hii. Kijana akacheza kwa ajili ya kocha wake na wenzake, halafu tumwambie atunze mguu kwa ajili ya pesa za 2026?

Na kimchezo bila Love hatuna mbio. Price ni mzuri lakini Ohio State hawamwogopi. Love akiwa uwanjani hata bila mpira, mabeki wawili wanamtazama, na Leonard anapata njia.

---

Mtanga_Indiana

Mzee wangu, la mabeki kumtazama ni kweli kwa robo moja. Jim Knowles, anayepanga ulinzi wa Ohio State, ana kanda za mechi zote. Wakiona mara mbili tatu kwamba Love hakati kona, hawatamtazama tena, na hapo tutakuwa tunacheza kumi.

Na kwa kumi tunajua kilichotupata. Septemba 23, 2023 tulikuwa mbele 14-10 dhidi ya hawahawa, hapa South Bend. Tulikuwa jukwaa la kaskazini, watu wote wamesimama tangu robo ya nne ianze. Mechi ikafika yadi ya mwisho, na timu yetu ikaingiza uwanjani wachezaji kumi badala ya kumi na mmoja, si mara moja, mara mbili mfululizo. Chip Trayanum wao akapita palepale ambapo mtu wetu hayupo, imebaki sekunde 1. 17-14. Njia nzima ya kurudi Mishawaka hakuna aliyewasha redio.

Sasa kuhusu daktari kumruhusu. Nataka nitaje jina ambalo wapenzi wote wa Notre Dame wanalijua: Jaylon Smith. Fiesta Bowl, Januari 1, 2016, mpinzani Ohio State. Alikuwa anatajwa miongoni mwa watano wa kwanza kwenye uteuzi wa NFL. Robo ya kwanza alisukumwa akatua vibaya, ligamenti mbili za goti, na mshipa wa fahamu wa mguu ukaumia. Tulifungwa 44-28. Dallas walimchukua nafasi ya 34, akakaa nje msimu mzima wa 2016. Bima aliyokuwa nayo ililipa, lakini ilikuwa sehemu ndogo ya alichopoteza.

---

BuckeyeMswahili

Jaylon Smith nakumbuka vizuri, na hata huku kwetu watu waliumia kwa ajili yake. Lakini Mtanga, kwa haki, yule aliingia uwanjani akiwa mzima kabisa. Mfano wake unaonyesha kwamba mchezo huu unaweza kumvunja yeyote. Hauthibitishi kwamba mwenye jeraha asicheze.

Mfano unaokufaa zaidi ni Tua Tagovailoa, kwotabeki wa Alabama, 2019. Oktoba 19 kifundo kikateguka, wakampasua kesho yake. Novemba 9 akarudi dhidi ya LSU, wakafungwa 46-41. Wiki iliyofuata wanacheza na Mississippi State, wako mbele 35-7, kipindi cha kwanza hakijaisha, na bado yuko uwanjani. Akabanwa na watu wawili, nyonga ikachomoka. Alitolewa kwa helikopta. Ile ya LSU naweza kuitetea, ilikuwa mechi ya msimu. Ile nyingine siwezi, na sijaona aliyeweza.

Kwa hiyo mimi naona mipaka miwili. Ukubwa wa mechi unaweza kuhalalisha hatari kiasi. Matokeo yakishaamuliwa, yawe mazuri au mabaya, mwenye jeraha atoke palepale. Kama Jumatatu tunawaongoza kwa pointi 20, natumaini Love atakuwa amekaa benchi na koti lake.

---

MzeeWaTouchdown

Hapo kwenye mpaka wa pili sina ubishi nawe.

---

Mama_Faraja

Bandugu, mniruhusu nami niseme. Sisi tulitoka Bukavu, tukapita kambini Burundi miaka mingi, sasa tuko hapa Ohio. Mtoto wangu wa pili anacheza huu mchezo shuleni, amefika mwaka wa tatu wa sekondari. Mwanzoni mimi sikuelewa hata kwa nini wanavaa makofia.

Mnabishana kama kijana aamue au daktari aamue. Mimi nimekaa na kijana kama huyo mezani kwangu. Mwaka jana mwanangu aligongwa kichwa mazoezini siku ya Jumanne. Akarudi nyumbani, akala, akacheka na dada zake. Usiku nikamwona anafunga mapazia kwa sababu taa ya barabarani inamchoma macho. Nikamwuliza, akasema niko sawa mama. Nikamwuliza tena, niko sawa. Ijumaa kulikuwa na mechi. Ukimwuliza kijana wa miaka kumi na saba, au wa ishirini, kama anaweza kucheza, atasema anaweza. Si kwamba anadanganya. Yeye mwenyewe anaamini.

Nilimpigia mtaalamu wa shule yao, yule anayekaa pembeni na mkoba wa dawa. Mama yule alimpima, akamzuia wiki mbili. Kocha alikasirika, lakini hakuwa na la kufanya, sheria inamfunga. Mwanangu hakunisemesha siku nne. Leo anacheza tena, na masomo yake yako sawa.

Kwa hiyo hapo kwa huyu Leonard ndipo moyo wangu ulisimama, si kwa Love. Goti litapona. Alipotolewa kwenda kupimwa kichwa halafu nikamwona amerudi, nilimwuliza mume wangu, hawa wamempima kweli?

---

FizioPwani

Mama Faraja, umefanya kazi ambayo hata sisi wenye vyeti wakati mwingine hutushinda. Pole kwa siku nne za kimya.

Kuhusu Leonard, kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ziko wazi: akigundulika ana mtikisiko wa ubongo, siku hiyo harudi uwanjani, hata iwe fainali. Kupelekwa kupimwa hakumaanishi kagundulika. Wanamwondoa kwenye kelele, wanampima kumbukumbu, macho, kusimama kwa mguu mmoja, wanalinganisha na vipimo alivyofanya kabla ya msimu. Akipita anaruhusiwa. Mapumziko yaliwapa muda wa kutosha wa kufanya hivyo bila haraka, na hilo lilikuwa bahati.

Jambo jingine wasilolijua mashabiki: uamuzi huu kisheria si wa kocha. Kanuni zinampa daktari wa timu na mtaalamu wa viungo mamlaka ambayo kocha haruhusiwi kuyapindua. Kwa hiyo tukisema "Freeman amchezeshe" au "Freeman ampumzishe" tunakosea anwani. Freeman anaweza kumweka benchi mtu aliyeruhusiwa. Hawezi kumchezesha aliyezuiwa.

---

KinondoniYetu

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Swali jingine: kwa nini hatujui kwa uhakika Love ana nini? Ligi ya Uingereza kocha anaulizwa kila Ijumaa nani ni majeruhi, anajibu. Hapa naona kila mtu anakisia.

---

BuckeyeMswahili

Umegusa jambo kubwa. Ligi yetu ya Big Ten tangu 2023 inazitaka timu zitoe orodha ya wasiocheza kabla ya mechi. SEC, ligi nyingine kubwa, nao wameanza msimu huu. Sababu kubwa ni kamari. Tangu kubeti kuruhusiwe majimbo mengi, habari ya goti la mwanafunzi ina bei, na kuna watu wanawasumbua wanachuo na madaktari wapate kuijua mapema. Ukiitangaza kwa wote, haina bei tena.

Notre Dame hawana ligi kwenye mpira huu, ni timu huru, kwa hiyo hawabanwi na orodha yoyote ya ligi. Wanasema wanachotaka.

---

Mtanga_Indiana

Na mimi ningependa watangaze. Usiri huu haumlindi kijana. Siku akicheza vibaya, watu wasiojua anaumwa ndio wanaomtukana mitandaoni.

Turudi kwa mpinzani kidogo. Swali la kweli la ulinzi wetu ni Jeremiah Smith, mpokeaji wao wa mipira. Mwaka wa kwanza huyu, na Oregon alishika mipira 7, yadi 187, akafunga mara mbili. Texas wakamfungia kabisa: mpira 1, yadi 3. Walifanyaje? Walimwekea mtu juu na mtu chini kila mara, wakakubali kina TreVeyon Henderson wawaumize mahali pengine. Henderson aliwaumiza kweli, ule mpira mfupi aliougeuza bao la yadi 75 kabla ya mapumziko.

Al Golden, mpangaji wetu wa ulinzi, anapenda mtu kwa mtu. Morrison angekuwapo ningesema sawa. Bila yeye ni Christian Gray, aliyenasa mpira wa kwotabeki Drew Allar ulioamua mechi ya Penn State, na Leonard Moore wa mwaka wa kwanza. Vijana hodari. Lakini kumwacha Smith na mtu mmoja usiku mzima sikubali. Xavier Watts, beki wetu wa nyuma, awe nyuma yake kila tunapoweza. Kama Will Howard, kwotabeki wao, atatufunga, atufunge kwa safari za mipira kumi na miwili, asitufunge kwa mpira mmoja.

Na kwa sababu hiyo hiyo mashambulizi yetu yanatakiwa yale muda. Smith hawezi kufunga akiwa amekaa. Hapo ndipo Leonard atakimbia mno, na hapo namwogopea kuliko Love. Ukimpunguza Love, mzigo hauyeyuki, unahamia kwa kwotabeki ambaye wiki iliyopita alipimwa kichwa. Hilo ndilo fundo lenyewe, na sioni benchi la ufundi likilifungua bila kuwapa Price na Williams mipira ya kutosha mapema.

---

MzeeWaTouchdown

Sasa umesema neno. Price ana haki ya kuaminiwa. Kano ya kisigino ilichanika 2022 kabla hajacheza hata mechi moja ya chuo, akakaa mwaka mzima, akarudi. Huyo anajua thamani ya kusubiri na thamani ya kupewa mpira.

Utabiri wangu: Notre Dame 27, Ohio State 24.

---

BuckeyeMswahili

Ohio State 31, Notre Dame 20. Na Mungu awalinde vijana wote watoke kwa miguu yao.

---

Mama_Faraja

Amina. Mimi sitabiri.

---

Mtanga_Indiana (Jumanne, 21 Januari 2025)

34-23. Hongera Buckeye, hongera kwa watu wa Columbus. Timu bora imeshinda.

Niandike nilichokiona kabla hakijachafuliwa na maneno ya redio.

Tulianza kama tulivyotaka. Safari ya kwanza, mipira 18, yadi 75, karibu dakika 10, Leonard akafunga mwenyewe. Jukwaa letu lililipuka. Lakini hesabuni nani alibeba: mara 9 katika hizo 18 ni Leonard mwenyewe, akigongana na wale wanaume. Safari zilizofuata hazikuwa na pumzi ile. Ohio State wakafunga pointi 31 mfululizo. Howard alikamilisha mipira yake 13 ya kwanza bila kukosea hata mmoja. Quinshon Judkins akapasua katikati yadi 70.

Love alipewa mpira mara 4. Yadi 3. Hakuwa na ile hatua, FizioPwani, vilevile ulivyosema. Alikuwa anafika kwenye pengo, pengo lishafungwa.

Tulirudi kwa heshima, Jaden Greathouse akafunga mara mbili, ikawa 31-23. Halafu likaja jaribio lao la tatu, wakihitaji yadi 11. Sote tulijua nani. Smith, mtu mmoja tu juu yake, yadi 56. Hapo fainali ikaisha.

---

BuckeyeMswahili

Asante mkuu. Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwenye ule mpira wa Smith, watoto wakanicheka. Niseme hivi: zile dakika 10 za kwanza ziliniogopesha kuliko mechi yoyote ya msimu. Leonard ni mwanaume. Na Freeman, ambaye alivaa jezi yetu akiwa mchezaji, huku Columbus hakuna anayemchukia.

Jagusah je, ulimwonaje?

---

Mtanga_Indiana

Alisimama. Kwa mtu aliyechanika kifua Agosti, na siku 11 za kujiandaa, dhidi ya Sawyer na Tuimoloau, sikumwona akidhalilika. Wewe uliogopa hapo kuliko kwenye goti, na mimi pia, kumbe hapo ndipo palipotushika.

---

FizioPwani

Nimeamka saa tisa kuitazama, nimeingia kazini macho mekundu. Love alitoka uwanjani bila kuchechemea, hilo nililifuatilia hadi mwisho. Sasa anahitaji wiki za kutulia kabisa, kisha paja lijengwe upya taratibu kabla ya mazoezi ya machipuko. Wasimharakishe kwa ajili ya mechi ya maonyesho ya Aprili, haina pointi ile.

---

KinondoniYetu

Kaka zangu, msimu mpya unaanza lini?

---

Mtanga_Indiana

Agosti 31, ugenini, na Miami. Ukiweza kuamka, tutakuwa hapahapa.